Cheche usiyoisikia: kwa wanaoanza ufundi wa simu Nakuru

Kazi niliijulia Kisumu, kando ya ziwa, ambako hewa ina unyevu na shati linanata mgongoni. Huko sikuwahi kuiwazia stima ya kusuguana. Nikahamia Nakuru mwezi wa Januari, jua, vumbi, hewa ya kupasua midomo. Asubuhi moja nilivua sweta ya nailoni nikiwa kwenye kiti cha plastiki, papo hapo nikashika bodi ya simu ya mteja. Simu iliwaka, nikalipwa. Wiki mbili baadaye akarudi nayo: haishiki mtandao. Siwezi kuapa kwamba ni mimi niliyeiua, lakini sina mwingine wa kumshuku.

Mwili wa mtu hauisikii cheche mpaka ifike kama volti 3,000. Kuna aisii, zile chipu ndogo nyeusi za kwenye bodi, zinazoumia hata chini ya volti 100. Kwa hivyo "mbona sikusikia kitu" si utetezi, mdogo wangu.

Ukisugua vitu viwili, elektroni, yaani chembe ndogo zenye chaji hasi, huhama: kimoja kinabaki na chaji hasi, kingine chanya. Watu wa kale waliliona hilo kwenye kaharabu, ule utomvu wa miti uliogeuka jiwe, na Waarabu mpaka leo umeme wanauita kwa jina hilohilo. Wewe chukua kalamu ya plastiki, isugue kwenye nywele kavu, isogeze kwenye vipande vya karatasi. Vinaruka, ingawa karatasi yenyewe haina chaji ya ziada. Kalamu ikiwa hasi, elektroni za karatasi husukumwa kidogo upande wa mbali, upande wa karibu ukabaki chanya. Hapo kuna kuvutwa na kusukumwa kwa pamoja, ila Coulomb, Mfaransa, alionyesha mwaka 1785 kwamba umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo. Upande wa karibu unashinda. Ndiyo maana kioo unachokifuta kwa kitambaa kikavu kinazidi kudaka vumbi.

Kisumu, utando mwembamba wa maji juu ya vitu huivujisha chaji polepole. Nakuru wakati wa kiangazi inakungoja wewe na kidole chako.

Vaa mkanda wa mkononi uliounganishwa na ethi, yaani waya unaopeleka chaji ardhini. Ndani ya mkanda mna rezista, kifaa cha kuzuia stima isipite kwa wingi, ya megaomu 1 (omu milioni moja), na wanafunzi wangu hupenda kuitoa wakifunga waya mtupu, eti ni uleule. Sio. Ukigusa stima ya volti 240 kwa bahati mbaya, rezista hiyo hairuhusu zaidi ya miliampia 0.24 ipite kwenye mkanda. Waya mtupu unaipitisha yote mwilini mwako.

Na soketi kuwa na matundu matatu si ushahidi kwamba ethi ipo. Vibandani mara nyingi tundu la juu halina waya nyuma yake. Fundi wa stima akipima aikose, bana mkanda kwenye fremu ya chuma ya simu unayoitengeneza. Wewe na bodi mkiwa na volti sawa, cheche haina pa kurukia.