Jina la Huduma au Namba ya Poti?

SWALI: Nimeandika programu ndogo ya mstari wa amri inayopima kama poti fulani ya seva (mlango wenye namba ambao huduma ya mtandao hupitia) iko wazi. Hadi sasa inakubali namba tu, lakini mwenzangu kazini anataka mtumiaji aweze kuandika “ssh”, jina la huduma ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, badala ya 22. Mimi naona huko ni kuleta mkanganyiko bila sababu. Naomba ushauri. (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Mwenzako ana hoja. Orodha ya majina hayo imo tayari katika faili la /etc/services la mifumo ya Unix na Linux, na wengi hukumbuka “imaps” (huduma ya kusoma barua pepe kwa usiri) kwa wepesi kuliko 993. Hata hivyo hofu yako si ya bure, kwa sababu madhara hutokea pale programu inapolisoma jina kwa uzembe.

Kosa la kuogopwa zaidi ni kuiachia kazi hiyo atoi, kitendakazi cha lugha ya C kinachogeuza maandishi kuwa namba. Ikipewa “ssh” hurudisha 0 bila kulalamika, na programu inayoomba kusikiliza kwenye poti 0 hupewa na mfumo poti yoyote iliyo huru, mtumiaji akabaki kuitafuta huduma yake mahali isipokuwepo. Jina “3com-tsmux”, lililosajiliwa kihalali kwa poti 106, ni mtego mbaya zaidi, kwani atoi husoma tarakimu ya mwanzo, ikaishia hapo na kurudisha 3. Kwa hiyo likague neno zima. Likiwa tarakimu tupu, kuanzia 1 hadi 65535, ni namba. Likiwa na herufi, liulizie kwa getaddrinfo, kitendakazi kinachotafuta namba ya jina la huduma, na lisipopatikana programu isimame na kulitaja neno lililokataliwa. Majina na namba haviwezi kugongana, maana kanuni za RFC 6335, waraka wa taratibu za intaneti wa mwaka 2011, zinadai kila jina la huduma liwe na angalau herufi moja. Itaje pia itifaki, yaani utaratibu wa kusafirisha data kama TCP au UDP, unapouliza: poti 514 ni “shell” kwa TCP, lakini ni “syslog” kwa UDP.

Ukiruhusu mfululizo wa poti, usitumie kistari kutenganisha ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu “http-alt” ni jina moja. Nukta mbili, kama zitumikavyo katika iptables (programu ya Linux ya kuchuja mawasiliano ya mtandao), zinafaa zaidi.

Namba nayo usiiondoe kamwe. Kontena nyingi ndogo (mazingira yaliyotengwa ya kuendeshea programu) hazina faili la /etc/services, ambalo kwenye Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, huletwa na kifurushi cha netbase, na skripti iliyoandikwa kwa majina hukwama humo.

Kwa upande wa matokeo nakubaliana nawe kabisa: chapisha namba. Jina hutoka kwenye orodha tu, halithibitishi ni programu gani inayosikiliza. Mtu akiweka seva ya wavuti kwenye poti 22, bado itaandikwa “ssh”, na fundi anayetafuta hitilafu usiku atapotezwa na neno hilo. Ndiyo maana mafundi wa mitandao hupenda kuendesha tcpdump na ss, programu za kuchunguza mtandao, kwa -n, chaguo linaloonyesha namba badala ya majina. Anayetaka kuona jina pembeni ya namba, mwekee chaguo la kuliomba.