Ukiwapeleka watoto LEGO House, waache wajenge kwanza

Wazazi wenzangu tunaoishi huku Ulaya huniuliza kama safari ya LEGO House iliyoko Billund, Denmark, nyumba ya michezo ya kampuni ya LEGO inayotengeneza matofali madogo ya plastiki ya kuchezea, ina maana kwa gharama yake. Jibu langu ni ndiyo, ilimradi watoto wapewe nafasi ya kujenga kabla hamjaanza kuwazungusha kutazama kazi za wengine.

LEGO House ilifunguliwa Septemba 2017. Ni jengo jeupe la meta za mraba 12,000, lililobuniwa na kampuni ya msanifu Bjarke Ingels, na ndani yake umesimama mti wa meta 15 uliojengwa kwa matofali zaidi ya milioni 6. Kila anayeingia husimama hapo kupiga picha. Pigeni, halafu endeleeni, kwa sababu ngazi zinauzunguka mti huo na mtaupita tena na tena.

Sehemu za kuchezea zimegawanywa kwa rangi. Sisi tulianzia nyekundu, kwenye maporomoko ya matofali, ambako mtoto huchota anachotaka na kujenga bila kupewa ramani yoyote. Kisha tukaenda ya bluu, kwenye magari. Unajenga gari, unalishusha kwenye mteremko, unaona limefika wapi. La kitindamimba wangu lilisambaratika njiani. Akaliunda upya, likapinduka. Akalipunguza kimo, likaenda. Hakuna aliyemwelekeza, na hapo ndipo mzazi anahitaji subira, maana mkono unawasha kutaka kumrekebishia. Dawa niliyoiona ni moja: chukua matofali, jenga la kwako. Ukiwa na kazi yako huna muda wa kuingilia ya mwanao.

Baada ya hapo ndipo tukapanda juu kwenye maonyesho ya kazi za mashabiki kutoka nchi mbalimbali, wakiwemo madinosaria watatu wakubwa. Binti yangu alichuchumaa chini ya taya la mmoja wao akitafuta limeshikiliwa na nini. Mtoto ambaye ametoka kupambana na gari linalovunjika hutazama kwa jicho la fundi, na maswali yake huwa mengine kabisa. Ndiyo maana nasisitiza mpangilio huo.

Kama mmesafiri na bibi au babu, shukeni naye kwenye chumba cha historia, chini kabisa. Mama yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga, na marehemu baba alikuwa seremala, kwa hiyo hakutaka kutoka humo. Mwanzilishi wa LEGO, Ole Kirk Kristiansen, naye alikuwa seremala. Alianza kutengeneza vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi. Husimuliwa kwamba mwanawe Godtfred aliwahi kumletea habari njema: ameokoa fedha kwa kuwapaka bata wa mbao vanishi mara mbili badala ya tatu. Baba akamrudisha stesheni kuyachukua maboksi, akayafungue na kuwapaka bata wote mkono wa tatu. Mama alitikisa kichwa, akawaambia wajukuu, “Hivyo ndivyo babu yenu alivyokuwa.” Watoto walimsikiliza kuliko bango lolote la ukutani.

Kuna pia mashine inayofinyanga matofali mbele ya macho yenu, na kila mgeni hupewa sita mekundu. Usiyatie mfukoni ukayasahau. Mpe mtoto mawili kwanza, mwulize yanaunganika kwa namna ngapi. Jibu ni 24, naye anaweza kulipata kwa vidole. Matatu ni 1,060. Yote sita, kama wataalamu wa hesabu walivyopiga, ni 915,103,765.

Treni haifiki Billund. Shukeni Vejle mpande basi. Uwanja wa ndani na viwanja vya michezo vya juu ya paa havihitaji tiketi, kwa hiyo hata familia isiyo na uwezo wa kuwalipia wote inaweza kufurahi pale. Mgahawani unaagiza chakula kwa kuunganisha matofali, kisha roboti wawili wanakukabidhi. Kwa watoto wangu lilikuwa tukio kubwa kuliko chakula chenyewe.

Dukani, wakati wa kutoka, afadhali muwe mmeshakubaliana kiasi cha kutumia. Mimi hupendelea kununua mitumba. Tofali la leo linashikana na la mwaka 1958, tena kwenye maduka ya vitu vilivyotumika huku Denmark hupatikana mifuko iliyochanganyika kwa bei nafuu. Oshea maji ya uvuguvugu yasiyozidi nyuzi 40 na sabuni kidogo, bila kuyachemsha, kisha yaanike kivulini hadi yakauke.