Usilipe hiyo laki sita na themanini kabla gurudumu halijafunguliwa mbele yako

Mkuu, usimtumie fundi hata hela ya kutangulizia. Umesema gari lako, Toyota IST, inalia sauti nyembamba ukikanyaga breki, na fundi kakupa makadirio ya shilingi 680,000: pedi za mbele, diski mbili, kalipa mbili (zile zinazobana pedi kwenye diski), masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli), mafuta ya breki na ufundi. Unauliza kama bei ni ya haki, na kama ununue spea mwenyewe kwenye maduka ya Gerezani, Dar. Mimi nauliza kwanza: amejuaje kalipa zimekufa wakati gari halijapigwa jeki?

Sauti ya namna hiyo mara nyingi ni pedi. Pedi nyingi zina kibati kidogo kilichowekwa makusudi kiguse diski unene ukiisha, ili usikie. Pedi mpya huwa na milimita 10 hivi. Ikikaribia 3 badilisha, kushoto na kulia kwa pamoja. Diski nayo ina kiwango cha chini cha unene, na mara nyingi kimegongwa kwenye chuma chenyewe. Inapimwa, haikisiwi kwa macho. Hayo ni madogo. Hela inaliwa kwenye kalipa.

Gari langu lilikuwa Toyota Vitz. Ilikuwa inavuta kushoto, na nikitoka Mbezi kufika mjini rimu ya kushoto haishikiki kwa moto, na harufu ya kuungua juu. Fundi akachungulia tu, akasema, "Bosi, kalipa zote mbili kwisha, masta silinda nayo inafuata. Breki si kitu cha kuchezea." Hiyo kauli ya mwisho ndiyo inayowatoa watu hela! Nani atabishana wakati watoto wake wanakaa siti ya nyuma? Nikalipa vyote. Wiki haijaisha, rimu ileile, moto uleule.

Aliyenionyesha ukweli ni mzee mmoja wa gereji ya Tabata. Alipiga jeki, akaniambia nikae ndani, nikanyage breki, niachie. Gurudumu la kushoto likagoma kuzunguka. Akalegeza nati pale bomba la chuma linapoungana na paipu ya mpira: gurudumu bado limekaza. Akaifunga, akalegeza nipeli ya kutolea hewa kwenye kalipa: mafuta yakaruka, gurudumu likaachia hapohapo. Presha ilikuwa imenaswa ndani ya ule mpira. Ulikuwa umevimba kwa ndani, unapitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi, na kwa nje ulionekana mzima kabisa. Kama gurudumu lisingeachia hata baada ya nipeli kufunguliwa, hapo ndipo angeishuku kalipa: pistoni inayosukuma pedi imeganda, au pini ambazo kalipa hutelezea zimekauka grisi. Na hata hapo, pini mara nyingi husafishwa zikapakwa grisi maalumu, na pistoni ikiwa haijaliwa na kutu hubadilishiwa raba zake. Si lazima kalipa nzima.

Akabadilisha mpira, akatoa hewa, gari likanyooka. Kalipa zangu nzima zilibaki kwa yule wa kwanza, na naamini aliziuza. Huo ni wizi, tena wizi wa kumtisha mtu kwa kifo, na hunichoma kila nikiona makadirio kama yako.

Masta silinda, hebu niambie, fundi wako kaitoa wapi? Ikivuja kwa ndani, ukikanyaga na kushikilia huku injini inawaka, pedeli huzama taratibu bila mafuta kuonekana nje. Wewe mwenyewe umeandika pedeli yako iko imara!

Kwa hiyo ninalokusisitiza ni moja: kila kifaa kilichomo kwenye ile karatasi kiwe na kipimo au jaribio ulilolishuhudia, na cha zamani uondoke nacho mkononi. Pedi ngapi milimita? Diski imeandikwa ngapi, na imepimwa ngapi? Kalipa ipi imegoma, na imegomaje? Asipojibu moja, futa mstari huo.

Mpigie leo umwambie utakuwepo akifungua. Akikuuliza "kwani huniamini?", peleka gari kwingine. Akikubali, piga picha pedi kwa ubavu ili unene uonekane, na namba iliyogongwa kwenye diski, uziweke hapa tuziangalie kabla hujatoa pesa.