Re: Humerasi ya kulia au ya kushoto?

Habari mkuu. Umekwama kujua humerasi (mfupa wa mkono kati ya bega na kiwiko) uliyopewa maabara ni ya mkono upi. Usianze na kichwa (ile sehemu ya mviringo ya juu, ya begani), anza na shimo la nyuma. Sehemu ya chini ina mashimo mbele na nyuma. Lile lenye kina zaidi, ambamo ncha ya kiwiko huingia ukinyoosha mkono, ndilo la nyuma. Wengi hukosea hapa kwa kushika lile dogo la mbele. Shimo hilo la nyuma likikutazama wewe, na kichwa cha juu kikielekea kushoto kwako, mfupa ni wa kulia.

Kichwa kimevunjika? Papasa vifundo vya kiwiko: cha ndani, upande uleule ambao kichwa kingeelekea, kimechomoza zaidi, na nyuma yake hupita ule mshipa wa fahamu unaopiga shoti ukijigonga. Kipande cha katikati pekee, mimi sithubutu kukisia.