Mtungi wa jikoni si tangi la gari

Swali: Foleni ya gesi ya magari inanimaliza. Siwezi kufunga mtungi wa kupikia kwenye bajaji yangu? (Dereva, Tabata)

Hapana. Nimeshalijibu mara tatu mwaka huu, na watu bado wanafunga. Gesi ya magari ni gesi asilia inayochimbwa Songo Songo na Mnazi Bay, nayo hushindiliwa hadi shinikizo la baa 200 hivi, ndiyo maana mtungi wake ni mzito na una ukuta mnene. Ya jikoni ni gesi nyingine, na mfumo wake ni mwingine. Wiki iliyopita nimeiona bajaji yenye mtungi mdogo wa jikoni nyuma ya kiti, umefungwa kwa mpira wa tairi, mpira wa jiko umepita chini ya zulia. Mama amekaa kwenye kiti hicho, amepakata mtoto. Gesi ya jikoni ni nzito kuliko hewa: ikivuja hutuama pale miguuni, na cheche moja inatosha. Kama umeshaufunga, kamwambie fundi wako auondoe leo.

Swali: Nikishafunga gesi, petroli basi?

Usikaushe tangi. Gari huwaka kwa petroli, injini ikipata moto ndipo huhamia kwenye gesi.

Swali: Langu ni la dizeli.

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche, kwa hiyo itaendelea kunywa dizeli kidogo ili gesi ishike moto. Kwa gari dogo, usijisumbue.

Swali: Mbona mmeuacha mbono kaburi (jatropha)? Mafuta yake si yanaendesha magari?

Waulize watu wa Kisarawe. Kampuni ya Uingereza ilichukua zaidi ya hekta 8,000 za vijiji ili ipande mbono kaburi. Mwaka 2011 ikaanguka, vibarua wakarudi nyumbani, na ardhi haikurudi. Atakayekuja kijijini kwenu na habari hizo, msisaini kitu.

Swali: Kati ya gesi na umeme, nchi ishike kipi?

Bodaboda, umeme. Ethiopia ilizuia kuingiza magari ya petroli na dizeli mwaka 2024 kwa kutegemea umeme wa maji, na sisi tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Gesi ya Songo Songo nayo iko Dar tangu 2004. Hata hivyo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi tunaisubiri EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, itutangazie bei ya mafuta yanayokuja kwa meli. Gesi wapewe kwanza mabasi na daladala, si magari ya watu binafsi. Basi lina njia moja na usiku linalala yadi moja. Pampu ikiwekwa palepale yadi, asubuhi linatoka limejaa, na wewe wa Tabata foleni yako inapungua.