Muulize Fundi Saa: Saa ni Ileile, Mkanda Ndio Mpya

*Fundi, shikamoo. Mimi ni karani hapa bandarini Kigoma. Nina Seiko 5 niliyoinunua ikiwa na cheni yake ya chuma. Cheni ilipoharibika kifungio niliitoa, nikaweka mkanda wa ngozi wa kahawia. Tangu hapo naona kama nimevaa saa ya mtu mwingine. Imekuwa ndogo na nyepesi, halafu kila mara inateleza na kuangukia upande wa kidole cha mwisho. Mke wangu anaipenda hivi ilivyo. Wenzangu kazini wananiambia ni mawazo tu, saa ni saa. Je, ni mawazo? Na nirudishe cheni?*
*Karani, Kigoma*

Marahaba, mwanangu. Si mawazo, na wenzako wasomee jibu hili kwa sauti. Ni kweli mashine haijaguswa na mishale inakwenda vilevile. Lakini mkono wako haujawahi kuigusa mashine. Unachogusa wewe ni mfuniko wa nyuma na mkanda, na kati ya hivyo viwili mkanda ndio unaokukumbatia kutwa nzima. Ukiubadilisha, karibu kila kitu ambacho mkono wako ulikuwa unakijua kuhusu saa hiyo kimebadilika.

Nianze na huko kuteleza. Uzito wa cheni ya chuma haupishani sana na uzito wa kasha lenyewe. Ukiivaa, kasha liko juu ya kifundo cha mkono na cheni iko chini, zinavutana na saa inatulia. Mkanda wa ngozi mara nyingi haufiki hata gramu 20. Ukiuweka, upande wa chini unabaki hauna kitu na kasha linabeba uzito wake wote juu. Ukiinamisha mkono kuandika, linateleza. Kaza tundu moja tu, uone. Mkanda wa ngozi unataka kubana zaidi kidogo kuliko cheni, kiasi cha kidole kimoja kupita chini yake kwa shida. Kama tundu hili linakubana na linalofuata linapwaya, hilo ni jambo la kawaida, maana matundu ya mikanda mingi yameachana karibu milimita 6, na milimita 6 kwa mkono ni nyingi. Mpelekee fundi akutobolee tundu la katikati. Msumari usitumie kabisa. Msumari haukati ngozi, unaipasua, na ule ufa utaendelea mpaka ukingoni.

Kuhusu udogo, macho yako yanaona vizuri. Cheni yako ilikuwa na vipande vya mwisho vilivyopindwa kufuata umbo la kasha, na jicho lilikuwa linavihesabu kuwa ni sehemu ya saa. Ngozi haifanyi hivyo. Inashuka moja kwa moja kutoka kwenye pini inayoishikiza kwenye kasha, na kati yake na kasha panabaki mwanya mwembamba. Kwa hiyo sasa unaliona kasha peke yake, kwa ukubwa wake halisi. Seiko 5 nyingi za zamani ninazozipokea hapa Mwanga, Kigoma, zina upana wa milimita 37 hivi, na mkanda wake ni wa milimita 18. Mimi binafsi nadhani ndivyo zinavyopendeza zaidi, zikiwa kwenye ngozi isiyo na nakshi. Mke wako ana jicho.

Halafu kuna joto. Asubuhi za Juni na Julai ukiichukua saa ya chuma mezani inakushtua kwa ubaridi, ilhali ya ngozi iliyolala pale pale haikushtui. Vyote viwili vina joto moja, ila chuma hunyonya joto la mkono haraka na ngozi hulipitisha polepole. Mchana mambo yanageuka. Ukisimama gatini kwenye jua, chuma kinachoma. Lakini chuma kina jambo moja ninalolithamini sana kwa mji kama huu: kina mianya, jasho linapita na hewa inapita. Ngozi inalinywa jasho hilo, pamoja na chumvi yake, ndiyo maana baada ya muda inakakamaa na kutoa harufu. Mkono nao huvimba kidogo joto linapopanda. Mkanda uliokuwa sawa saa moja asubuhi unaweza kukubana saa nane mchana, nawe ukadhani umeuchoka, kumbe unahitaji kuhama tundu tu. Kwenye cheni nyingi kuna vitundu vidogo pembeni mwa kifungio kwa kazi hiyohiyo. Watu wanavaa cheni miaka bila kujua vipo.

Nieleze kisa kimoja, maana ndicho kinachonifanya nilisemee jambo hili kila ninapopata nafasi. Mwalimu mmoja wa Ujiji aliniletea Seiko 5 yake akisema kila Jumatatu anaikuta imesimama. Niliifungua, mashine safi, mafuta yapo. Nikamuuliza anaivaaje. Akaniambia cheni ilikuwa ndefu, inagonga meza anaposahihisha madaftari na kushuka kwenye kiganja anapoandika ubaoni, kwa hiyo akifika shule anaivua na kuitia kwenye droo. Ijumaa anaisahau humo. Sasa, Seiko 5 nyingi za namna yake hazitiwi ufunguo kwa mkono. Hujijaza zenyewe kwa mwendo wa mkono wa anayevaa, na zikijaa hushika karibu saa 40. Kutoka Ijumaa alasiri mpaka Jumatatu asubuhi ni zaidi ya saa 60. Nilipunguza vipande vya cheni, ikamkaa, akaacha kuivua, nayo ikaacha kusimama. Angekwenda kwa mtu mwenye pupa angelipishwa usafi wa mashine isiyo na uchafu.

Waliotengeneza saa hizi walijua kwamba cheni ni sehemu ya saa. Seiko 5 ilitoka Japani mwaka 1963, na ile 5 ni mambo matano iliyoahidiwa kuwa nayo: kujijaza yenyewe, siku na tarehe kwenye dirisha moja, kutoingiza maji, kitufe cha kurekebishia mishale kilichozamishwa kwenye namba 4, na la tano ni kasha na cheni imara. Cheni iliwekwa kwenye hesabu pamoja na mashine.

Kwa hiyo nirudi kwako. Tengeneza kifungio, cheni usiitupe. Ivae kuanzia joto la Septemba na uende nayo msimu wote wa mvua. Ngozi ivae miezi mikavu yenye ubaridi, na siku za harusi na ibada. Kila ukibadilisha, mkono wako utahitaji siku chache kuizoea upya. Usihukumu mkanda siku ya kwanza.

*Fundi, habari za kazi. Navua dagaa, tunatokea Kibirizi. Mkanda wa ngozi uliniozea mkononi. Kaka yangu kanipa mkanda wa nailoni unaopita chini ya saa, kama wa wanajeshi. Ni mgumu haukatiki, ila haukauki mpaka jua liwe juu. Niendelee nao?*
*Mvuvi, Kibirizi*

Salama, kijana wangu. Ukiwa nchi kavu endelea nao. Ukiwa kwenye nyavu, hapana, na sababu yangu si maji.

Mkanda huo ulitokana na agizo la Wizara ya Ulinzi ya Uingereza la mwaka 1973: nailoni ya kijivu, upana milimita 20. Ubora wake ni kwamba ni kipande kirefu kinachopita chini ya kasha na kushika pini zote mbili. Pini moja ikikatika, saa inabaki inaning'inia kwa nyingine. Kwa askari hilo ni jema sana. Lakini wewe unavuta kamba za wavu usiku, na kamba ikinasa kwenye saa wakati wavu una uzito, mkanda wa kawaida utaachia, kwa sababu pini itachomoka. Nailoni hiyo haitaachia. Heri saa izame ziwani kuliko kamba ikuvute kwa mkono.

Vaa mkanda wa raba wa vipande viwili wenye pini za kawaida. Ule wenye mikunjo karibu na kasha ni mzuri zaidi. Seiko walianza kuutumia mwaka 1975 kwenye saa ya wapiga mbizi, kwa sababu mtu akizama sana vazi lake la mpira hubanwa na maji, mkono unapungua unene na mkanda wa kawaida unalegea; wenye mikunjo unajivuta na kurudi. Wewe huzamii, lakini mikunjo hiyohiyo inaufuata mkono unapovimba kwa kazi ya kuvuta.

Na watu wakikuambia maji ya ziwa yanakula pini, uwaambie Tanganyika ni maji baridi. Chumvi inayokula pini inatoka kwenye mwili wako. Ukirudi asubuhi isuuze saa kwa maji safi, mkanda ukiwa umefunguliwa, uianike kivulini. Pini zikaguliwe mara kwa mara. Njoo nazo siku za mbalamwezi mnapokuwa hamtoki, nitazibadilisha ukisubiri.

*Fundi, shikamoo. Nauza mawese Mwandiga. Saa yangu ina mkanda mwekundu wa ngozi ambao umekuwa mweusi, na chini ya mkono, pale bizimu inapokaa, natoka upele unaowasha. Nikivua saa siku mbili tatu unapungua.*
*Mama wa mawese, Mwandiga*

Marahaba, binti yangu. Upele unaokaa umbo la bizimu mara nyingi husababishwa na nikeli. Bizimu za bei ya chini ni za madini ya kuchovya, na ule mng'aro wa juu ukichubuka, nikeli inagusana na jasho na ngozi. Badilisha bizimu peke yake, uweke ya chuma kisichoshika kutu. Fundi yeyote mwenye pini anaweza. Upele ukiendelea hata baada ya hapo, au ukianza kutoa maji, nenda zahanati, maana hata dawa zinazotumika kulainishia ngozi ya mkanda zinaweza kumdhuru mtu.

Mkanda nao haufai kwa kazi yako. Ngozi ikishanywa mawese hairudishi. Raba ya asili ukiitia mafuta kila siku inavimba na kulegea. Nailoni itabaki na rangi ya chungwa ya mawese maisha yake yote. Chukua wa silikoni, rangi ya giza. Unaoshwa kwa maji na sabuni ya kawaida jioni, unafutwa, basi. Utaona unashika vumbi na nyuzi za kitenge. Hilo ndilo tatizo lake, na kwako ni dogo. Ule mwekundu upeleke kwa fundi wa viatu aone kama anaweza kutumia ngozi yake kukushonea mwingine mfano wake, uuvae siku ambayo huuzi.

*Fundi, mimi ni mstaafu wa reli, Tabora. Nina cheni ile ya kuvutika, unaivuta unaingiza mkono. Nimeivaa miaka mingi, sasa inaninyofoa vinyweleo. Vijana wananiambia niweke ngozi. Vidole vyangu havifungi tena bizimu.*
*Mzee wa reli, Tabora*

Shikamoo, mzee wangu. Usiweke ngozi. Vijana hawajui kufunga bizimu kwa mkono mmoja kunavyotaabisha vidole vinapokuwa vimekakamaa.

Cheni hizo zilienea sana baada ya kampuni ya Speidel ya Marekani kutoa yake mwaka 1959. Ndani ya kila kipande kuna springi ndogo bapa. Unapoivuta vipande vinaachana, inaporudi vinafungana, na kinyweleo kilichoingia kwenye mwanya kinabanwa. Kwa kawaida hilo hutokea cheni ikiwa fupi: inakaa imevutika muda wote, mianya wazi, kila ukikunja mkono inafunga na kufungua. Mkono wa mtu hubadilika kwa miaka, cheni haibadiliki. Mtafute fundi hapo Tabora aongeze kipande kimoja au viwili, na aisafishe kwa brashi na maji ya sabuni, maana vumbi la Tabora likichanganyika na jasho linazuia vipande kufunga sawasawa.

Kama springi zimechoka, kuna mikanda ya nailoni ya kuvutika, haina bizimu, unaingiza mkono vilevile. Ni laini, haishiki vinyweleo, na saa itakuwa nyepesi mno kwako kwa wiki ya kwanza. Ukishindwa kuizoea urudie cheni yako. Saa ni yako na mkono ni wako, mzee.

*Mjomba, Casio yangu F-91W imekatika mkanda tunduni. Naweza kuweka wa ngozi wa baba?*
*Mwanafunzi, Kasulu*

Hapana, mpwa wangu. Mkanda wa F-91W umeumbwa uingie kwenye nafasi yake wenyewe, na mkanda wa kawaida hautakaa vizuri. Tafuta uliotengenezwa kwa ajili yake, mwambie muuzaji jina la saa lote. Saa nzima ina gramu 21 tu, na ngozi nene ingeizidi. Unapoutoa wa zamani, toa pini polepole juu ya kitambaa cheupe ili ikiruka uione, na uzitunze zote mbili. Mikanda mingine huuzwa bila pini.