Tiba uliyoiita ya matajiri

Mwanangu,

Juzi kwenye simu nilikukwepa kwa kisingizio cha wali kuungua. Uliniuliza kwa nini nilimalizia udaktari wangu kwenye IVF, yaani kutungisha mimba maabara, tiba ya matajiri, wakati wodi ya watoto wanalala wawili kitanda kimoja. Nawe sasa unachagua fani, kwa hiyo haki yako nikujibu.

Matajiri walikuja, ndiyo. Ninayemkumbuka ni muuza mahamri mmoja. Mirija yake ya uzazi iliziba kwa maambukizi ya zamani yaliyotibiwa nusunusu, ambayo pengine hata hakuyaleta yeye. Mawifi walishamwita tasa, mume anashauriwa aoe. Akauza cherehani na kiwanja, akanikabidhi. Nami, kwa pupa ya ujana, nikamwandikia dozi kubwa ya sindano za kuchochea mayai. Enzi hizo mayai mengi ndiyo yalikuwa sifa ya daktari. Tulimtoa ishirini na sita, tukapongezana.

Siku ya nne akarudi kanga imelegezwa, tumbo kama la miezi saba, midomo mikavu, mkojo hautoki. Ovari zilikuwa zimechochewa kupita kiasi. Maji yanavuja kutoka mishipani yanajaa tumboni, damu inabaki nzito, na ikiganda inaua. Usiku kucha nilikaa kando yake nikihesabu chupa za maji tuliyomfyonza. Alipona. Mimba haikushika, na pesa zilikuwa zimekwisha.

Hapo nikarudi vitabuni. Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, aliyezaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, alitokana na yai moja lililokomaa lenyewe, mama yake hakuchomwa sindano za kuchochea. Mirija ya mama huyo nayo ilikuwa imeziba! Sasa sisi ishirini na sita tulikuwa tunayapeleka wapi?

Nikaanza kupunguza: vidonge vya klomifeni vya kukomaza mayai, sindano chache, mayai manne au matano. Sikufichi, mayai yakiwa machache nafasi ya kila jaribio inaweza kupungua. Lakini bili nayo inashuka, na mgonjwa analala kwake. Nikaacha pia kupandikiza viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, vitatu kwa mpigo, maana mapacha watatu njiti hukaa wiki nyingi kwenye chumba cha joto, na bili hiyo humfuata mtu ambaye ameshauza cherehani. Wenzangu walisema nawapunja wagonjwa. Mmoja alinisemea hata mbele ya wauguzi.

Ilibaki gharama ya maabara. Hapo daktari Willem Ombelet wa Genk, Ubelgiji, na mwanasayansi Jonathan Van Blerkom wa Colorado, Marekani, walinifurahisha mno. Wanaunganisha vichupa viwili vya kioo. Katika kimoja sodiamu bikaboneti, ile ile ninayotia kwenye keki, inakutana na asidi ya sitriki na maji. Inachemka povu kama soda, na gesi yake inapita hadi kichupa cha pili anamokulia kiinitete. Mitungi ya gesi na inkubeta, mashine za kulelea viinitete, za bei mbaya hazihitajiki. Watoto wa kwanza wa njia hiyo walizaliwa 2012. Nilipoisoma nilicheka peke yangu jikoni.

Yule muuza mahamri nilitaka kumwita tena, safari hii kwa vidonge na bila malipo. Namba aliyoniachia ilikuwa ya duka la jirani, na duka lilishavunjwa.

Mama yako